Gari Zuri Huhitaji Jicho la Kila Juma

Akina mama wenzetu, gari letu ni Toyota Celica ya mwaka 2000, la milango miwili, lililokuja limeshatumika kutoka Japani. Majirani hututania kwamba kukaa nyuma ni lazima kwanza kiti cha mbele kikunjwe. Sisi tunalipenda, ila uzuri hauzuii uzee.

Sisi wauguzi hatungoji mgonjwa alalamike ndipo tumpime. Nyumbani nako, kila Jumamosi kabla ya kuwasha injini, tunachomoa kijiti cha oili, tunakifuta, tunapima. Injini za Celica za miaka ile zinajulikana kwa kula oili: vitundu vya pistoni vinavyoirudisha chini huziba kwa masizi, nayo ikaungua kimyakimya. Injini yenyewe hubeba chini ya lita 4, hivyo lita moja ikipungua si jambo dogo.

Mwaka huu fedha zilitosha rimu mpya au tairi mpya, si vyote viwili. Mmoja wetu alitaka rimu. Mwingine akasoma tarakimu 4 ubavuni mwa tairi: 1214, yaani juma la 12 la mwaka 2014. Tairi hazikuwa vipara, lakini mpira ulikuwa na nyufa. Tukabishana siku mbili, kisha tukanunua tairi. Wanaokaa nyuma ni watoto wetu, na huko hakuna mlango.

Mama, usimwachie fundi kila kitu. Shika kitambaa upime oili, soma tairi, uliza breki. Urembo wa gari na usubiri.