Wanafunzi Wageni Katika Milima ya Makaa

Ifikapo mwezi wa Machi, vyuo vingi vya Marekani hufungwa kwa muda wa juma moja. Wanafunzi wengi hukimbilia fukwe za Florida kuota jua. Lakini wako wengine ambao huelekea milima ya Appalachia, hususan mashariki ya jimbo la Kentucky, ambako mabonde ni membamba hata barabara, mto na reli hugombea nafasi. Huenda huko kuezeka mapaa, kutengeneza ngazi za nyumba za wazee, na kujifunza maisha ya watu wa milimani.

Desturi hiyo si mpya. Mwanzoni mwa mwaka 1964, wanafunzi wa Chuo cha Berea, kilichoanzishwa mwaka 1855 na ambacho hakitozi ada ya masomo bali kila mwanafunzi hupewa kazi, walikwenda milimani kukarabati shule za chumba kimoja zilizokuwa zimechakaa. Vijana wale waliziba matundu na kupaka kuta rangi. Kadiri walivyokaa, wakatambua kwamba rangi haikuwa dawa. Milima iliyozizunguka shule zile ilijaa makaa ya mawe yenye thamani kubwa. Ila makaa hayo hayakuwa ya wenyeji.

Jambo hili yafaa lielezwe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mawakala walipita nyumba kwa nyumba wakinunua haki ya vilivyomo chini ya ardhi, pengine kwa senti 50 tu kwa eka. Wakulima, baadhi yao wasiojua kusoma, walitia alama ya msalaba katika hati, wakiamini kwamba shamba limebaki lao. Zilipokuja mashine kubwa, kampuni zilidai, na mahakama zikakubali, kwamba hati zile ziliruhusu hata kung'oa miti na kupasua mlima bila ridhaa ya mwenye shamba. Mwezi wa Novemba 1965, katika wilaya ya Knott, mjane Ollie Combs, mwenye umri wa miaka 61, aliketi mbele ya tingatinga lililokuja kuchimba juu ya nyumba yake. Askari wakambeba mzobemzobe, wakamtia jela. Picha yake ilitoka magazetini, na serikali ya jimbo ikaona haya. Hata hivyo, ni mwaka 1988 tu ndipo wapiga kura wa Kentucky walipoirekebisha katiba ya jimbo lao ili kumlinda mwenye shamba.

Mgeni asiyeyajua hayo huona ufukara tu, na huutazama kama kioja. Wenyeji wamechoshwa na macho ya namna hiyo. Mwaka 1967, katika wilaya ya Letcher, mtengenezaji filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, alikuwa akimpiga picha mchimba makaa aliyeketi barazani kwake. Mchimba makaa alikuwa ameridhia. Mwenye nyumba za kupanga hakuridhia, akaja na bastola, akamuua mgeni yule. Hapana wa kuhalalisha mauaji hayo. Lakini wenyeji wengi walimhurumia muuaji, na hapo ndipo uchungu wao unapoonekana. Miaka miwili baadaye, mjini Whitesburg katika wilaya hiyohiyo, vijana wa milimani walianza kufundishwa kushika kamera wenyewe, katika karakana ya filamu iitwayo Appalshop. Wameandika kwa filamu habari za wafinyanzi, wahubiri, wachimba makaa wenye mapafu yaliyojaa vumbi, na wapiga banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika.

Basi mwanafunzi mwenye busara huweka nyundo chini kila apatapo nafasi, akaketi barazani na kusikiliza. Mengi hufundishwa mezani. Yako maharage mabichi ambayo hutungwa kwa uzi na sindano pamoja na maganda yake, yakaanikwa hadi yakasinyaa. Wenyeji huyaita "suruali za ngozi". Wakati wa baridi hulowekwa, kisha huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na huliwa kwa mkate wa mahindi uliookwa katika kikaango cha chuma. Mama wa nyumbani kokote Afrika ya Mashariki, ambaye huanika mboga kwa ajili ya kiangazi, hangehitaji kuelezwa maana yake. Kwa kijana aliyezoea chakula cha makopo ni somo jipya.

Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Kentucky ya mashariki ilifurika usiku. Watu zaidi ya 40 walikufa, na hata sehemu ya hazina ya filamu za Appalshop ililoa matope. Tangu hapo wageni wengi wamefika kushika misumari na mbao. Serikali ya jimbo iliamua nyumba mpya zijengwe juu, mbali na mito. Lakini katika nchi ya magenge, uwanja ulio juu na tambarare ni haba. Baadhi ya viwanja vilivyopatikana ni vile ambavyo, miaka iliyopita, matingatinga ya makaa yaliukata mlima na kuusawazisha.