Njia ya Nyanya

Katika mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu nilikokulia hakuna aliyeaga akisema anakwenda matembezi. Mtu alikwenda alikokuwa na haja, basi. Jumapili tulikwenda Kibuye kutafuta mitumba, jioni nyingine tukateremka hadi Dunga kununua samaki, na njia nzima ilikuwa ya miguu. Nyanya yangu mzaa mama aliishi Kajulu, huko juu Mto Kibos unakopita. Alikuwa akitoka alfajiri na ndizi kichwani, anakata mashamba ya watu hadi Mamboleo, anapita Kondele, na chai ya asubuhi anaikuta kwetu ingali moto. Hatukumpa pole, wala yeye hakuitafuta. Alijua kila boma lililokuwa njiani, nani amefiwa, nani amevuna, binti wa nani ameolewa, na habari hizo tulizipokea pamoja na ndizi.

Kisha zikaja boda boda za baiskeli, zenye mto wa sponji nyuma. Tuktuk zikafuata, halafu pikipiki, hasa baada ya serikali kuziondolea kodi zile zisizofika cc 250 mwaka 2008. Sizilaumu. Zimewafikisha hospitalini wajawazito wengi, na vijana wa mtaa wetu wamelishia familia. Lakini nilipomaliza shule, kwenda kwa miguu kulikuwa kumeshakuwa alama ya aliyekosa nauli. Mamangu alikuwa radhi kukopa ishirini kwa jirani kuliko kuonekana akitembea kwenda harusini. Hata nyanya akaanza kuletwa kwa pikipiki hadi mlangoni. Alifika mapema kuliko zamani, akaketi, akatuuliza sisi tuna habari gani.

Mwaka 2015 nilipata mkataba wa kazi ya vyumba katika hoteli moja ya Oman, juu ya Jabal Akhdar. Niliondoka nikitarajia jangwa. Nilichokuta ni uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku wa Januari baridi hukaribia kugandisha maji. Kazi ilikuwa shuka, taulo, vyoo, sakafu, kisha chumba kinachofuata. Katika malazi ya wafanyakazi niliishi na Wafilipino na Mnepali mmoja. Omena zangu zilitoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo, na baada ya muda wenzangu walizila kwa wali bila kukunja uso. Kila mwisho wa mwezi rial zangu ziligeuka mabati na saruji Kaloleni.

Siku ya mapumziko ndiyo iliyokuwa ngumu. Kule chini Birkat al-Mawz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu manne haliruhusiwi kupanda mlima. Matatu hakuna. Usipopata wa kukushusha Nizwa, umeshinda mlimani. Kwa hiyo nilianza kutembea kwa kukosa pengine pa kwenda, na kwa wiki za mwanzo nilitembea nikiona haya, nikijipangusa vumbi kabla ya kurudi kama vile ningeulizwa nauli yangu imekwenda wapi.

Vijiji vya Al-Aqr, Al-Ayn na Ash-Shirayjah vimekaa kwenye ukingo wa bonde, na chini yake mashamba yamejengwa ngazi kwa ngazi. Yananyweshwa kwa mifereji inayoitwa falaj, ambayo maji yake hugawiwa kwa zamu kati ya wenye mashamba. Mitano ya mifereji hiyo ya Oman iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mmoja uko hapo Birkat al-Mawz. Aprili ni mwezi wa mawaridi. Huchumwa mapema jua lisijeondoa harufu, kisha huchemshwa katika majiko ya udongo hadi yatoe marashi. Marashi nilikuwa nikinyunyiziwa kwenye maulidi Kaloleni tangu utotoni. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye shamba lake, na miguu yangu ndiyo iliyonifikisha.

Dereva mmoja wa hoteli, mzee aliyezaliwa Unguja na kuletwa Oman akiwa mtoto baada ya mapinduzi ya 1964, alinisikia nikizungumza na mamangu kwa simu. Tangu siku hiyo shikamoo yangu haikumpita. Jumamosi moja yeye na mkewe walinipeleka hadi mlima wa Jabal Shams. Njia inaanzia kijiji cha Al-Khitaym na kufuata ubavu wa jabali, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde lenye kina cha karibu mita 1,000. Mwisho wake ni As-Sab, kijiji kilichohamwa: nyumba za mawe chini ya mwamba, ngazi za mashamba yasiyolimwa, na maji yangali yanatona. Njia nzima mawe yamepakwa mistari ya njano, nyeupe na nyekundu ili mgeni asipotee.

"Hapa walipita watu na punda zao," mzee alisema. "Walihama, lakini njia haikuachwa. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya waje kuikanyaga. Na kwenu Kisumu, mwanangu, milima ipo?"

Nilimwambia kuhusu Kajulu, kuhusu nyanya na ndizi zake.

"Basi na yeye ana njia," alisema mkewe. "Nani anaitunza?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Nyanya alikuwa amefariki nikiwa Oman. Mji nao ulianza kugeuka. Korona ilipofunga shule na mikusanyiko mwaka 2020, vijana walianza kupanda vilima vya Kajulu na Riat wikendi, na desturi hiyo haikufa. Leo makundi yanakwenda Kit Mikayi kule Seme, mengine yanafika hadi Homa Hills au Got Ramogi, na wao wanaziita safari hizo haiki bila haya yoyote. Kabla ya mkutano wa miji ya Afrika, Africities, wa Mei 2022, katikati ya mji kulitandikwa njia za miguu za kabro. Mamangu, ambaye daktari amemwagiza atembee kwa ajili ya presha, anazipita asubuhi na jirani yake yule yule aliyekuwa akimkopesha ishirini.

Ninalolihofia sasa ni njia zenyewe. Kabro ni ya mjini. Huko juu mashamba yanakatwa viwanja, kuta zinapanda Riat, wapasua mawe wanakula kilima, na mahali nyanya alipokata kona kwa ruhusa ya jirani pana lango la chuma. Njia ya namna hiyo haina hati. Ilikuwepo kwa sababu watu waliipita na wenye mashamba waliwajua wapitaji, na mwenye kiwanja mpya hamjui mtu. Ningetaka kaunti iziandike kwenye ramani zake kabla hazijaisha, kama inavyoandika barabara na mitaro.

Wakati tunasubiri, mimi na vijana wachache wa Kaloleni tumeanza na njia ya nyanya. Mjomba wangu anaikumbuka, nasi tunapita naye boma kwa boma tukiomba idhini ya kupaka alama, na tukikaribishwa chai tunaketi. Rangi tumechagua njano na nyeupe. Kutoka Mamboleo hadi mtoni tumekubaliwa. Ng'ambo ya mto kuna mama mmoja aliyetuambia turudi na mzee wa kijiji, kwa maana anataka kujua kwanza kama wapitaji watafunga lango nyuma yao ili mbuzi wake wasitoke. Tutarudi naye Jumamosi.