Tela la Baba Mdogo

Enzi hizo barabara ya Makete kwenda Njombe ilikuwa ya vumbi, na tela la baba mdogo halikumtisha mtu. Fundi alilichomelea kwenye ekseli ya Land Rover kuukuu. Lilishikamana na gari kwa pini moja ya chuma, na waya uliozungushwa ili pini isichomoke. Cheni hakuna, taa hakuna. Magunia ya viazi, tena lumbesa, yalirundikwa nyuma ya tela ili mzigo usielemee springi za gari. Kwa mashimo yale, nani angekimbia?

Ikaja lami. Sote tuliishangilia, nami naishangilia hadi leo, lakini ndiyo iliyofichua ubovu wa tela letu. Mwendo ulipokaribia kilomita 80, niliona kwenye kioo cha pembeni gunia la juu likitokeza, likipotea, kisha likitokeza tena mbali zaidi. Tela lilikuwa linayumba na kuvuta matako ya gari huku na huku. Baba mdogo hakugusa breki. Aliachia mafuta, akaushika usukani bila kupambana nao, mpaka gari likapoa lenyewe. Tukashuka, tukahamisha magunia kuyaleta mbele ya ekseli, naye akasema, “Mwanangu, shingo ya tela lazima ihisi mzigo.”

Ndivyo ilivyo. Tela na mzigo wake vikiwa na kilo 1,000, kilo 100 hivi zinatakiwa kukandamiza pale linapoungana na gari. Uzito ukibaki nyuma, shingo inanyanyuka na tela linajiamulia njia.

Mengine yalifuata polepole. Pini ikapisha kichwa cha duara cha milimita 50, na chini yake cheni mbili zilizopishana, ili shingo ikichomoka idakwe kabla haijachimba lami. Taa zikafungwa, kwani kwa ukungu wa Makete, tela lisilo na taa ni mtego kwa anayekuja nyuma.

Siku hizi anayeendesha ni mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Baada ya mwendo kidogo husimama, akapitisha mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa cha moto, hasogei mpaka beringi ifunguliwe. Breki za tela bado hatujafunga, kwa hiyo magunia hayazidi manne, na gia ndogo inaingizwa kabla mteremko haujaanza.