Aliyeshika Orodha

Kila ninapofundisha usimamizi wa taarifa wakati wa maafa, wanafunzi hutaka tuanze na setilaiti na kompyuta. Mimi huwarudisha kwenye karatasi: orodha za mgawo wa chakula katika kambi ya Benaco, wilayani Ngara, mwaka 1994.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania katika muda wa takriban saa 24. Hakuna ofisi ambayo ingeweza kuandika majina kwa kasi hiyo. Mashirika ya misaada yakashika njia ya mkato, nayo ilieleweka: yakawategemea viongozi waliovuka pamoja na watu wao, wakiwamo wakuu wa komuni, katika kuhesabu wakimbizi na kugawa chakula. Baadhi ya viongozi hao walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari. Wakaongeza idadi, wakauza kilichozidi, na mamlaka waliyoyapoteza nyumbani wakayapata upya kambini, kwa kuwa aliyetaka unga hakuwa na budi kupitia kwao.

Idadi iligombaniwa tena Novemba 1996, mashariki mwa Zaire. Vita vilipovunja makambi, mamia ya maelfu walirejea Rwanda. Wangapi walibaki msituni? Serikali ya Rwanda ilisema ni wachache, na maofisa wa Marekani wakaelekea huko huko. Mashirika ya misaada yalisema ni mamia ya maelfu. Picha zilizopigwa kutoka angani zilikuwapo, kila upande ukazisoma ulivyopenda. Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kuidhinisha kikosi cha kimataifa chini ya uongozi wa Kanada. Ubishi wa hesabu ukawa sababu nzuri ya kutokukipeleka. Kisha hao "wachache" wakaonekana Tingi-Tingi, makumi ya maelfu, wagonjwa na wenye njaa.

Ndiyo maana siwaelewi watumishi wa umma wanaosema takwimu za dharura ni kazi ya mafundi, siasa isubiri nje. Siasa ilikuwamo tangu mstari wa kwanza wa orodha. Katika mtihani wangu, kabla ya kuniambia takwimu zinasema nini, mwanafunzi hunieleza ni nani aliyehesabu, nani alimlipa, na kama mama aliyeandikwa humo angeweza kuliona jina lake na kulisahihisha. Wengi hukwama kwenye hilo la tatu.