Maji ya Moto ya Kapishya

Katika nchi ya Japani, ndani ya bonde la milima ya mkoa wa Yamanashi, iko nyumba ya wageni iitwayo Nishiyama Onsen Keiunkan. Yasemwa kwamba ilianza mwaka 705, nayo imeandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa hoteli ya zamani kupita zote duniani. Watu huiendea kwa ajili ya maji ya moto yatokayo ardhini. Desturi ya nyumba za namna hii huko Japani ni moja: mgeni huvua viatu mlangoni, hupewa kanzu nyepesi ya pamba, hula chakula chake akiketi juu ya mikeka, ndipo aende kuoga. Lakini kabla ya kutia mguu katika birika yampasa kujisugua kwa sabuni mahali pa kando na kujisuuza hata awe safi kabisa. Maana birika lile si la kuondolea uchafu, ni la kupumzisha mwili. Wanaume kwa kawaida wana upande wao na wanawake wao, wala hapana apazaye sauti.

Habari hizi tulimsomea Baba Mkubwa wetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi katika mgodi wa Kipushi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mtu wa Hewa Bora, asiye na nauli ya Japani, maji yake ya moto yako wapi?"

Swali hilo halikuwa la mchezo. Magoti ya mzee yalikuwa yamekakamaa, na kwa muda wa miaka mitatu hakuweza kwenda kanisani ila kwa kushikwa mkono. Tena jirani mmoja alikuwa amemwambia kwamba maji ya moto ya ardhini huponya kila ugonjwa, hata ule wa shinikizo la damu, na ya kuwa mgonjwa akisha kuoga siku tatu aweza kutupa vidonge vyake. Mzee alianza kusadiki. Binti zake walikwisha kuchanga fedha za safari, na katika familia yetu kulikuwa na maneno mengi usiku. Wengine walisema aende, apate raha kabla ya kufa. Wengine walisema akienda atarudi bila vidonge, na baada ya mwezi tutamzika.

Katanga yetu haikunyimwa maji ya moto. Watoto wengi wa shule hawajapata kusikia kwamba mwaka 1952, mahali paitwapo Kiabukwa, maji yenye joto la nyuzi 91 yalitumiwa kuendesha mtambo mdogo wa umeme, wa kilowati kama 200, kwa ajili ya kazi ya madini. Huo ulikuwa mtambo wa kwanza wa namna yake katika Afrika yote. Wakenya, wanaosifiwa leo kwa umeme wa mvuke wa Olkaria, walianza mwaka 1981. Mtambo wa Kiabukwa uliachwa, na sisi watu wa Lubumbashi, ambao taa zetu huzimika tukiwa tunakula, twaweza kuwaza tutakavyo. Lakini hoteli ya maji moto, yenye kitanda na chakula, iliyo karibu nasi kupita zote tulizozijua, ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika Zambia: Kapishya, karibu na ziwa Shiwa Ng'andu.

Karibu nasi, twasema. Kumbe ni zaidi ya kilomita 900. Tulitoka Hewa Bora alfajiri, jogoo hajawika, tukafika Kasumbalesa kukiwa kumekucha. Malori yenye shaba yalisimama safu ndefu, madereva wakichemsha chai chini ya magari yao. Habari za mpakani tutaziacha. Kila msomaji aliyepita pale anazo zake. Tukapita Chingola, Kitwe na Ndola, tukalala Kapiri Mposhi, mji ambapo reli ya TAZARA huanzia safari yake ya kilomita 1,860 kwenda Dar es Salaam. Siku ya pili tukafuata njia kuu ya kaskazini, Serenje mpaka Mpika, na mbele ya Mpika kama kilomita 90 tukaacha lami, tukaingia mkono wa kushoto katika njia ya udongo. Baba Mkubwa hakulalamika. Kila tuliposimama alishuka kwa kushikwa na watu wawili, akanyosha miguu, akasema tu, "Twendeni."

Lugha ya nchi ile ni Kibemba, nasi wa Lubumbashi hatukujiona wageni sana. Mama mmoja njiani alitusalimu "Mwapoleni mukwai," na mzee akamwitikia upesi kuliko sisi sote, kwa kuwa mgodini alifanya kazi na Wabemba wengi.

Kwanza waiona nyumba ya Shiwa Ng'andu, nayo hushangaza: jumba kubwa la matofali, lenye mnara, katikati ya pori. Aliyelijenga ni Mwingereza, Stewart Gore-Browne. Alikuwa askari katika tume iliyoweka mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Rodesia ya Kaskazini, kazi iliyofanyika tangu mwaka 1911 hata 1914. Yaani mpaka ule tulioupanga foleni Kasumbalesa, yeye alikuwa mmoja wa walioupima! Akalipenda ziwa, akarudi mwaka 1920 kukaa. Siku hizo reli iliyokuwa karibu ilikuwa Ndola, na mizigo yake ilichukuliwa kwa mitumbwi na vichwani mwa wapagazi kwa muda wa majuma. Vitabu vimemwandika Bwana Gore-Browne sana. Wapagazi hatukuyaona majina yao. Hata hivyo haifai kumpunja: katika baraza la kutunga sheria alisema kwa ajili ya Waafrika wakati ambapo wenzake wengi walinyamaza, na alipokufa mwaka 1967 serikali ya Rais Kaunda ilimpa mazishi ya heshima. Kaburi lake liko juu ya kilima, laelekea ziwa. Wanafunzi watapenda kujua pia kwamba ni katika nchi hizo, Januari 1867, David Livingstone alipompoteza mbwa wake Chitane majini.

Toka hapo hata Kapishya ni mwendo wa kilomita kama 20. Nyumba za wageni zimejengwa kando ya mto Mansha, na wasio na fedha nyingi hupiga hema chini ya miti. Sisi tulikuwa wa hema, isipokuwa mzee, ambaye binti zake walimlipia kitanda.

Chemchemi yenyewe si kubwa. Ni kidimbwi kilichozungukwa na mawe na mitende mirefu ya mwale, ambayo majani yake yakutana juu kama paa. Maji ni meupe hata waona mchanga wa chini, na katika mchanga huo mapovu madogo hupanda bila kukoma, kana kwamba chini kuna mtu apumuaye. Hayana harufu mbaya kama ya yai bovu, ambayo chemchemi nyingi za moto huwa nayo. Joto lake ni kama nyuzi 40, yaani joto la mtu mwenye homa. Huwezi kupika yai humo. Kule Kitagata, katika wilaya ya Sheema nchini Uganda, maji hufika nyuzi 80 mahali yatokapo, na watu huyangojea yapoe kidogo. Huko kuna chemchemi mbili, moja yaitwa ya Mugabe, mfalme wa Ankole, na ya pili wameibandika jina la Mulago, kwa mfano wa hospitali kubwa ya Kampala. Jina hilo ladhihirisha watu wanayoyatumaini.

Mmoja wetu aliuliza kama chini ya Kapishya kuna volkano, kama zile za Virunga. Hakuna. Hapo Baba Mkubwa akatufundisha, naye hakusoma zaidi ya darasa la tano. "Mgodini," alisema, "ukishuka, mwamba huwa na joto, na ukizidi kushuka joto huzidi. Kipushi tulishuka zaidi ya mita elfu, tukatoka jasho bila kunyanyua kitu. Maji yakishuka huko na kurudi upesi, yatakosaje kuwa ya moto?" Ndivyo wataalamu wanavyosema: mahali pengi joto la ardhi huongezeka nyuzi 25 hata 30 kwa kila kilomita moja ya kwenda chini. Mvua hunyesha vilimani, maji huzama katika nyufa za mwamba, hupata moto, kisha hupata ufa mwingine wa kupandia. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka mingi sana. Maji yaliyogusa magoti ya mzee huenda yalinyesha kabla hajazaliwa.

Tulijioga kwa sabuni kwanza mbali na chemchemi, kwa desturi ya Wajapani, kisha tukamshusha polepole. Hakusema neno. Alifumba macho, na baada ya kitambo tukaona mikono yake, ambayo daima hushika kitu, imefunguka na kuelea.

Shauri la vidonge lilikuwa bado. Kabla ya safari tulikuwa tumempeleka mzee kwa mwuguzi mmoja wa mtaani, mama mwenye maneno machache, naye alimpa masharti: asikae majini kupita robo saa, anywe maji ya kutosha, asisimame ghafula. Maji ya moto hupanua mishipa ya damu, nguvu ya damu hushuka, na mzee akiinuka upesi aweza kuzimia na kuzama. Kwa sababu hiyohiyo, alisema, mtu hujiona amepona shinikizo akiwa ndani ya maji, na saa chache baadaye shinikizo hurudi pale pale. Maumivu ya viungo ni jambo jingine: hayo joto huyapunguza kweli, ingawa haliiondoi sababu yake.

Jioni ya siku ya pili mzee alitembea toka kidimbwini hata kitandani kwake, hatua kama mia, kwa fimbo tu. Binti yake alilia. Ndipo mzee akatoa kifuko cha vidonge na kusema, "Basi, hivi vimekwisha kazi." Sote tukanyamaza. Mkubwa wa binti zake ndiye aliyejibu, naye hakumpinga kwa ukali. Alisema, "Baba, mgodini ulipokuwa ukipanda juu salama, ulivitupa kofia na taa, au uliviweka kwa ajili ya kesho?" Mzee akamtazama kwa muda mrefu. Tulisikia vyura na mto. Kisha akaomba maji ya kunywa, akameza kidonge chake, akasema kwamba mtoto aliyesomeshwa huwa na maneno mengi.

Tulikaa siku mbili zaidi. Mahali pale pana utulivu ambao mtu wa mjini huuogopa kidogo mwanzoni: hakuna jenereta ya jirani, hakuna muziki wa baa. Usiku wa mwisho tulikaa majini gizani, mwezi ukipenya katika mitende, na hapakuwa na aliyetaka kuzungumza.

Nafuu ya magoti ilidumu kama majuma mawili baada ya kurudi, kisha maumivu yakaanza tena, lakini si kama kwanza. Sasa kila jioni binti yake humtilia maji ya moto katika beseni kubwa, mzee hutia miguu robo saa, halafu hutembea uani akihesabu hatua. Makala ya kuchemshia ni ghali, kwa hiyo maji hayo hutumika tena kufulia. Vidonge hukaa kabatini karibu na saa. Baba Mkubwa ana lalamiko moja tu, nalo hulirudia kwa kila mgeni: beseni halina mitende.