Shingo Tu, Si Mwili Mzima

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike jambo lolote lenye faida kwa jamaa. Nadhani walitaraji niandike habari za shule, maana nimeshika chaki miaka 34. Lakini mwaka huu mimi mwenyewe nilipewa somo, tena na mtoto, na somo lenyewe lilikuwa juu ya maganda ya risasi. Msicheke kwanza, nduguzanguni, nisikilizeni.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu kustaafu nimekuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha hapa kusini mwa Uingereza. Bibi yenu hakulipenda jambo hili na mpaka leo halipendi. Asili yake ni marehemu baba. Alikuwa dereva wa lori pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, matope yakifika magotini. Habari za vita hakupenda kuzisimulia, lakini bunduki ya .303 aliitaja kama mtu anavyomtaja jirani mwema. Basi polisi waliponipa cheti cha silaha, nilinunua Lee-Enfield Namba 4, nikaifungia katika kabati la chuma, na kila Jumamosi nikaenda nayo kutoboa karatasi.

Risasi za .303 ni ghali. Kwa hiyo wengi wetu hujaza wenyewe. Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Ukishapiga, vitatu vimekwenda zake na ganda limebaki. Ganda hilo waweza kulijaza tena mara nyingi, ila kwanza lazima lirudishwe katika umbo lake, kwa sababu moto wa baruti umelivimbisha na shingo imelegea haiwezi kukishika kichwa kipya. Kazi hiyo hufanywa kwa kalibu. Neno hili mafundi wa dhahabu wetu wanalijua. Ni kalibu ya chuma kigumu, hufungwa juu ya mashine ndogo ya mkono, na ganda husukumwa ndani yake.

Kalibu ni za namna mbili. Ya kwanza hubana mwili mzima: kiwiliwili, bega na shingo. Ya pili hubana shingo peke yake. Mimi nilinunua ya kwanza, na mzee mmoja wa klabu aliponishauri nichukue ya pili nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Ganda lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Ndivyo nilivyokuwa hata darasani, na wanafunzi wangu wanaosoma ukurasa huu watashuhudia.

Sikujua tabia ya bunduki yangu. Lee-Enfield ilitengenezwa kwa ajili ya vita, na chemba yake ikafanywa pana ili risasi yenye mchanga na matope iingie bila taabu. Tena komeo lake hujifunga kwa nyuma, si mbele karibu na risasi, kwa hiyo wakati wa mlipuko hunepa kidogo. Ganda la .303 hushikwa kwa ukingo wa kitako chake, na bega lake mbele huwa na nafasi tupu. Moto ukiwaka, kuta za ganda hung'ang'ania chemba, kitako kinarudi nyuma, na shaba inavutika. Mimi nikija na kalibu yangu nalisukuma bega lirudi nyuma tena. Nikipiga, linavutika tena. Kila safari shaba inakonda mahali pamoja, juu kidogo ya kitako. Fanya hivyo mara chache tu, na ganda linakuwa kama waya uliokunjwa na kukunjuliwa.

Usiku mmoja mwezi wa Machi mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, mwenye miaka 15, alikuwa ananisaidia kupanga maganda mezani. Akachukua moja, akaliinua kwenye taa, akasema, "Babu, mbona hili lina mstari unaong'aa hapa chini?" Nilikuwa nimeshughulika na mizani. Nikamwambia, "Wewe panga tu. Mimi ndiye mwalimu." Akanyamaza, akapanga.

Kesho yake uwanjani nilipiga mimi kwanza, na zamu ya pili ilikuwa yake. Risasi ya tano ilitoa moshi usoni mwangu. Miwani ilinikinga. Nilipofungua komeo kilitoka kitako peke yake; nusu ya mbele imebaki ndani ya chemba. Nilikaa pale nimelishika lile kopo fupi la shaba, na mstari unaong'aa ndio uliokuwa ukingo wa mkato. Risasi ya sita ingekuwa ya mtoto wa watu, na shavu lake lingekuwa pale lilipokuwa langu.

Msimamizi akasimamisha kazi, tukakitoa kile kipande kwa chombo chake maalumu. Njiani kurudi nyumbani kijana hakusema, "Nilikwambia." Ndicho kilichoniuma zaidi.

Jioni ile, mbele ya bibi yake na mama yake, nilimwomba radhi. Nilisema hivi: "Uliona, ukasema, nami nikakunyamazisha. Kosa ni langu." Sikumbuki kama katika miaka 34 niliwahi kumwambia mwanafunzi maneno hayo. Kisha tukapasua maganda yote ya fungu lile kwa msumeno, tukayatazama ndani, yeye akinionyesha. Mengi yalikuwa yamekwisha kukonda.

Sasa tunatumia kalibu ya shingo. Iko inayobana kwa vidole vya chuma kuzunguka msumari wa katikati. Haihitaji mafuta wala haiivuti shingo, na kwa bunduki ya kawaida inatosha. Iko nyingine yenye pete za kubadilisha: unapima unene wa shingo ya risasi iliyokwisha kujazwa, ukapunguza elfu moja au mbili ya inchi. Ikiwa shingo ni inchi 0.336, chagua pete ya 0.334. Bega haliguswi, linabaki pale chemba ilipoliweka, na ganda halina tena haja ya kuvutika kila mara.

Lakini msidhani hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Ganda lililobanwa shingo tu ni la bunduki ile ile iliyolipiga. Bunduki ya mwenzio huenda ikalikataa. Baada ya mapigo kadhaa, komeo hufunga kwa uzito, na hapo budi urudi kwenye kalibu ya mwili, ulisogeze bega kiasi cha unywele tu. Mwindaji anayehitaji risasi iingie bila kusita hutumia kalibu ya mwili, na siku hizi hata walenga shabaha wengi hodari wanafanya hivyo, ila kwa kulipima bega kila mara. Urefu wa ganda la .303 usizidi inchi 2.222. Baruti ipimwe kwa kitabu, si kwa kukisia. Na kila ganda lipitishwe ndani waya mwembamba uliopindwa ncha: ukikwama kwenye kijifereji karibu na kitako, litupe, hata kama liko zuri kwa nje.

Kazi ya waya sasa ni ya mjukuu wangu. Akisema "hili hapana," natupa, wala siulizi. Mwezi uliopita alitupa kumi na moja, na mimi nilikuwa nahesabu bei yake kimoyomoyo. Lakini nilitupa.

Kile kitako kilichokatika nimekiweka juu ya meza yangu ya kuandikia. Mkija Idi hii, inshallah, mtakiona. Bibi yenu anasema ni takataka. Nimemwomba akiache.