Mayai ya Mama, Tawi Langu

Wiki ya kuelekea Pasaka, binti yangu wa miaka minane alisimama mbele ya rafu ya duka mjini Nakuru, mkononi kashika sungura wa chokoleti aliyekumbatia yai. "Mama, kwani sungura hutaga?" Sikuwa na jibu. Tulipanda matatu kurudi mtaani kwetu, Section 58, na swali lile likapanda nasi.

Sungura tunayemjua sisi ni yule wa hadithi, anayemshinda Fisi kwa akili. Huyu wa dukani ametoka mbali. Mwaka 1682 daktari Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika kuhusu desturi ya Alsace na maeneo jirani: watoto waliambiwa kwamba sungura wa Pasaka huficha mayai kwenye nyasi na vichaka, nao wakayatafute. Wahamiaji wa Kijerumani wakamvusha bahari hadi Pennsylvania, na biashara ikamfikisha kwetu. Sina ugomvi naye. Lakini yai lenyewe lina habari nzito zaidi.

Katika Ulaya ya zama za kati, Wakristo walikatazwa kula mayai Kwaresima nzima. Kuku hawafungi, waliendelea kutaga. Mayai yakarundikana, yakachemshwa yasiharibike, na mfungo ulipokwisha yakaliwa kwa furaha. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alinunua mayai 450 yapambwe na kugawiwa watu wa nyumba yake. Wakristo wa Kiothodoksi huyapaka rangi nyekundu kwa kumbukumbu ya damu ya Kristo, na ganda lake huwa mfano wa kaburi lililofunguka. Yai lilipata heshima yake mezani pa watu waliokuwa wamelikosa siku nyingi.

Hapo nikamkumbuka mama.

Alifuga kuku wachache wa kienyeji. Kwaresima ikiingia, hatukuonja yai. Aliyapanga kwenye kikapu chenye majani makavu, akayauza, pesa akazifunga kwenye pindo la leso. Mimi nilinung'unika; niliona ni ubahili. Kisha, siku chache kabla ya Ijumaa Kuu, alirudi na mfuko wa mbegu za mahindi. Tukaingia shambani sote na majembe, macho yakiangalia mawingu juu ya mlima Menengai. Mayai yetu hayakuwahi kupakwa rangi. Yaligeuka mbegu, na mbegu zikazikwa, na baada ya juma moja au mawili mama akatuita twende tukaone.

Inasemekana jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Aliyekaa hapa mwezi wa Februari hana sababu ya kubisha. Na ndio majira ya Jumatano ya Majivu, padri anapotupaka jivu usoni na kutukumbusha kuwa sisi ni mavumbi, nje upepo ukirusha vumbi hadi kwenye vyombo jikoni. Pasaka nayo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa kufuata mwezi mpevu, na hapo ndipo mvua ya masika inaposhuka. Watu wa nchi za baridi husoma katika yai mwisho wa theluji. Sisi tulio karibu na ikweta tumepewa harufu ya udongo uliolowa.

Lile jivu halitoki mbali. Ni matawi yaleyale tuliyopunga Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, yamekauka, yamechomwa. Kati ya alama zote za Pasaka, naona hii ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa mkono uliopunga ndio unaolirudisha tawi likateketezwe.

Mwaka jana, nikiwa na tawi mkononi na wimbo wa hosana mdomoni, niliahidi moyoni kumpigia simu dada yangu. Hatukuwa tumesemezana tangu mazishi ya mama, kwa maneno ya shamba ambayo leo sioni hata pa kuanzia kuyasimulia. Nikalichomeka tawi nyuma ya msalaba ukutani. Likanyauka, likageuka kahawia, likaanza kudondosha vipande juu ya kochi. Simu sikupiga. Ilipofika Februari, kanisani wakatangaza turudishe matawi ya zamani. Nililichomoa nikaona ahadi yangu nayo imekauka nalo. Siku ya Majivu nilipakwa jivu lile, nikatoka nje, nikasimama kando ya lango, nikapiga.

Dada alipokea, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto hawajambo.

Binti yangu nilimjibu jioni ya siku ileile tuliyotoka dukani: sungura hatagi, mwanangu, kaa nikuhadithie habari za kikapu cha nyanya yako. Jumapili ya Pasaka, mvua ikinyesha tangu alfajiri, shangazi zake wa upande wa baba walikuja mapema. Dada yangu alifika saa saba, viatu vimejaa matope, amebeba trei ya mayai ya kienyeji na kifuko cha mbegu.